Wimbo Nilioukana

Wiki mbili zilizopita nilikutana na Zuhura katika duka la dawa mjini Mumias. Mimi nilikuwa nimefuata dawa ya presha, yeye alikuwa amefuata dawa ya kifua ya mtoto, na tulisimama kwenye foleni moja kwa muda mrefu kabla yeyote kati yetu hajakubali kwamba amemwona mwenzake. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, "Asalaam aleikum, Beti," nami nikaitikia kama alivyonifundisha zamani, kisha tukaulizana habari za nyumbani mpaka maneno yakatuishia. Hapo ndipo akanieleza shida yake. Binti wa dada yake, aliye chuoni Kakamega, alitengeneza video ya kuchekesha inayoiga tangazo la kampuni fulani ya kukopesha watu kwa simu. Kampuni ikalalamika kwamba ni wizi wa hakimiliki, video ikaondolewa, na sasa mtandao umemletea msichana fomu ndefu ajaze kama anataka irudishwe. Hajui aandike nini. "Nimemwambia kuna mtu anajua hiyo fomu," Zuhura akasema. "Wewe ndio unaijua." Alinitazama usoni aliposema hivyo, na sikuweza kutambua kama ananisifu au ananisuta. Nilimpa nambari yangu. Msichana hajapiga bado, lakini tangu siku ile nimekuwa nikilala na kuamka na ule mwaka, na nimeona heri niuandike wote, hata ile sehemu ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Miaka imepita ya kutosha mtoto kuzaliwa na kumaliza shule ya msingi. Tulikuwa watatu na chumba kilikuwa kimoja, huko Amalemba, mjini Kakamega, mlango wa tatu kutoka kwenye bomba la maji. Kodi ya chumba ilikuwa kwa jina langu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kazi, ikiwa kuchapa barua za watu katika ofisi ndogo mjini kunaweza kuitwa kazi. Kizito alikuwa mwalimu aliyemaliza chuo na alikuwa akingoja kuajiriwa, ngoja ngoja ile iumizayo matumbo. Zuhura alikuwa akishona nguo kwenye kibaraza karibu na soko. Jioni walikuja kwangu wote wawili, tukapika obusuma, yaani ugali, na mboga ya mrenda juu ya stovu ya mafuta ya taa, tukala kutoka sahani moja kubwa kwa sababu ya pili ilikuwa imepasuka, kisha Kizito akaegemeza godoro langu mlangoni kuzuia kelele za nje na tukaanza kurekodi video zetu za kuchekesha. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulimjua jirani kwa maombi yake, na tulilazimika kungoja hadi amalize kuwaombea ndugu zake wote, mmoja mmoja, ndipo Kizito aseme, "Haya, twende." Tulikuwa na ukumbi wetu, yaani chaneli, kwenye mtandao wa video, uliofunguliwa kwa jina langu, na tulicheka sana mle chumbani. Nayasema haya mapema kwa sababu yanayofuata ni hofu tu, na sitaki msomaji adhani hatukuwa na furaha.

Wakati ule kulikuwa na Kampuni. Sitaitaja jina, na si kile kiwanda cha zamani cha sukari ambacho kila mtu hukifikiria akisikia neno Mumias. Hii ilikuwa ndogo, ya watu binafsi, iliyokuja baadaye na kuwaandikisha wakulima wa miwa upande wetu wa Musanda, mama yangu akiwa miongoni mwao. Ilikuwa imetoa tangazo la sukari yake. Familia iliyopendeza imeketi kwenye meza ya kioo, mama anamimina chai, mtoto anatia vijiko viwili, baba anakunywa na kufumba macho, huku piano ikilia polepole na sauti laini ikisema kwamba utamu huanzia nyumbani. Sisi tulitengeneza familia yetu. Zuhura alikuwa mama, Kizito alikuwa baba mwenye koti la kuazima, mimi nilikuwa mtoto, mkubwa kuliko wazazi wangu. Mama anamimina chai ya turungi, mtoto anafungua mkebe wa sukari na kuugeuza juu chini, hakuna kitu. Basi baba anachukua kipande cha muwa kutoka nyuma ya kiti, anakorogea chai, anakunywa, anafumba macho. Wimbo aliutunga Zuhura mwenyewe. Ilimchukua jioni tatu, akipiga dumu tupu la mafuta ya kupikia kwa vidole na viganja, na ulikuwa wa haraka kama ngoma ya arusi: *Miwa ni yetu, sukari ni yao, chai tunakoroganga na ganda.* Hata mtu mwenye sikio moja angejua kwamba haukuwa wimbo wa piano. Baada ya siku chache watu wa bodaboda walikuwa wakiucheza kwenye simu zao stendi, na wakata miwa wakiuimba shambani, wakishusha panga kwa pamoja kila wakifika kwenye "ganda".

Kisha asubuhi moja nilifungua simu kabla ya kunawa uso, nikakuta mahali pa video yetu pamekuwa peusi, na maneno kwamba imeondolewa kwa madai ya hakimiliki ya Kampuni. Siku mbili baadaye waliondoa nyingine, ya mwanamke anayebishana na mteja juu ya bei ya nyanya, ambamo Kampuni haikutajwa hata mara moja. Kosa lake pekee lilikuwa kwamba Zuhura alikuwa akiimba kwa mbali alipokuwa akipanga nyanya. Mtandao ulitueleza kwa lugha ya upole kwamba malalamiko yakifika matatu, ukumbi wote utafutwa, na kazi yote iliyomo. Kizito alikasirika, Zuhura akakasirika, mimi nikaogopa. Nilikuwa nikiamka nashika simu, naogopa kuifungua, naiweka, naishika tena. Pikipiki ikisimama nje ya ploti ya vyumba vyetu nilikuwa naacha kutafuna. Hakuna aliyekuwa amenitisha bado. Nilijua tu kwamba mahali fulani palikuwa na watu wenye mawakili, na watu hao walikuwa wamelijua jina langu.

Ndipo Kizito akaleta habari ya fomu. Alikuwa amesoma masharti yote ya mtandao katika saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kwa subira ya mtu asiye na pa kwenda. Akatueleza kwamba tukijaza fomu ya kupinga, tukaapa kwamba kazi ni yetu, Kampuni itapewa kama wiki mbili kwenda mahakamani. Isipokwenda, video inarudi. "Na hawawezi kwenda," akasema. "Waende waseme nini? Hiyo ngoma ni yetu, picha ni zetu, hata hicho kikombe ni cha Beti. Wanabahatisha tu, wanataka tuogope." Ilibidi ijazwe na mwenye ukumbi, yaani mimi. Jina kamili, saini, simu. Halafu fomu ikataka anwani ya mahali ninapoishi, mtaa na nambari ya nyumba, nasi tukaangua kicheko, kwa sababu chumba changu hakikuwa na anwani zaidi ya mlango wa tatu kutoka bombani. Tulijaribu kuandika hivyo hivyo, fomu ikakataa. Basi nikafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya bila kufikiri. Nikaandika sanduku la posta la shule ya msingi ya kijijini, Musanda, lile ambalo nimeliandika kwenye kila karatasi tangu darasa la kwanza. Kijiji kizima kililitumia. Barua ya hospitali, ya chuo, ya mtoto aliye Nairobi, zote zilipitia sanduku lile moja. Hakuna kati yetu watatu aliyekumbuka kwamba fomu ile, ikishajazwa, hupelekwa jinsi ilivyo kwa yule yule aliyelalamika, unayemwogopa.

Mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu alikuwa pia mzee wa kanisa. Kila Jumapili baada ya matangazo alisimama na bahasha mkononi, akasoma jina la kila moja kwa sauti, na mwenye barua akatembea mbele kuichukua. Ilikuwa desturi nzuri. Tulijuana kwa barua zetu. Mtu akiitwa mara mbili kwa mwezi alichekwa kwamba amekuwa mkubwa. Jumapili ile nilikuwa nimekwenda nyumbani, nimeketi kando ya mama. Mwalimu alisoma majina matatu, kisha akashika bahasha nyeupe iliyokuwa na alama ya Kampuni, ile ile iliyoko kwenye mifuko ya mbolea na kwenye karatasi za vibali vya kukata miwa. Akasita kidogo. Akasoma jina langu, majina yote mawili na la ukoo. Hakuna mkulima mle kanisani ambaye hakuitambua ile alama kutoka mahali alipoketi, na hakuna ambaye hakuwa ameiona video. Nilitembea kutoka benchi la sita hadi mbele, nikaipokea, nikarudi. Mama alisogea kunipisha na kunitengenezea nafasi, akatazama mbele.

Niliisomea nyuma ya choo cha nyumbani, nimesimama. Ilikuwa ya Kiingereza, kutoka kwa mawakili. Ilisema niondoe pingamizi langu kabla ya siku ya Ijumaa. Ilikuwa imeambatishwa taarifa iliyokwisha kuchapwa, iliyobaki ni saini yangu, kwamba wimbo na picha ni mali ya Kampuni na kwamba tulivichukua bila ruhusa. Nisiposaini watachukua hatua. Yote hayo Kizito alikuwa amenitabiria. Ila chini, baada ya nafasi, kulikuwa na sentensi ambayo hakuitabiri: *Tunafahamu kwamba familia yako ina mkataba na mteja wetu.* Hakuna kitisho ndani yake ukiisoma mahakamani. Lakini pale nyuma ya choo nilielewa kwamba wanasema habari ya shamba. Miwa ya mama ilikuwa imeiva, ilikuwa ikingoja zamu yake ya kukatwa, na muwa ulioiva haumngoji mtu. Ukipitisha wakati unakauka ndani, unabaki kuni. Aliyekuwa na uwezo wa kutoa kibali cha kukata ni Kampuni peke yake.

Mama aliponiuliza barua inasema nini nilimwambia ni majibu ya kazi niliyoomba kwao. Alinitazama, akasema vizuri. Alasiri nilipokwenda kuchota maji nilipita nyuma ya jiko la jirani, na wanawake waliokuwa wakiosha vyombo vya chama cha akina mama hawakuniona. Mmoja alisema kwamba mimi ni mtoto mzuri lakini nimewatafutia balaa. Mwingine akasema, "Kipande chetu na cha Mama Beti ni kimoja. Tinga ya kubeba miwa ikiruka ya kwake, itaruka na yetu. Watoto wa town wanachekanga, sisi ndio tunabaki na shamba." Hawakusema kwa chuki. Walikuwa na hofu kama mimi, na hilo ndilo lililoniua nguvu, kwa sababu adui ningemjibu. Jioni tulikula mrenda na omena. Mama akauliza hiyo kazi nitaitwa lini, nikasema bado hawajaamua. Akaniongezea mboga.

Niliporudi Amalemba nilikuwa nimeibeba barua ndani ya sidiria. Kizito aliisoma mara mbili akiwa ameketi juu ya dumu la Zuhura. Alipofika chini akaikunja, akasema mambo ambayo bado naona yalikuwa ya kweli: kwamba watu wanaokwenda kortini hawakuombi usaini, wanakwenda, kwamba wametishia kwa sababu hawana kesi. "Zimebaki siku nane, Beti. Hatufanyi kitu. Tunanyamaza tu siku nane na video inarudi." Zuhura yeye hakuzungumza habari ya siku. Aliuliza tu kama ile taarifa ilisema wimbo ni wao. Nikamwambia ndiyo. "Lakini si ulikuwa hapa nikiutunga," akasema. Nikamwambia nilikuwepo. Tukakubaliana wote watatu kwamba tutanyamaza. Nilikubali kwa mdomo, tena kwa sauti. Nilikuwa nimeivisha ugali usiku ule na hakuna aliyeula. Uligandia kwenye sahani, na jirani akaanza kuwaombea ndugu zake.

Nilinyamaza siku mbili. Waswahili wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na niliirudia methali hiyo moyoni kana kwamba ni aya ya Biblia, nikijiambia kwamba waliotangulia walijua, kwamba kutoka vitani mzima si aibu. Jumatano nilidanganya kazini kwamba naumwa, nikaenda hadi ofisi ya Kampuni. Kulikuwa na msichana wa rika langu nyuma ya kaunta, amesuka vizuri, ana chupa ya chai. Niliomba kalamu. Nilisaini kwamba wimbo wa Zuhura ni wa Kampuni. Saini ilitoka haifanani na yangu, nikaogopa kwamba wataikataa, nikaomba karatasi nyingine niandike upya. Fikiria hilo. Yule msichana akasema haina shida, akapiga muhuri, na nilipotoka nje nilihisi njaa kwa mara ya kwanza katika mwezi mzima. Nikanunua mandazi manne nikala yote kando ya barabara.

Habari za Zuhura nizimalize hapa kwa sababu ndizo nyepesi. Kampuni iliibandika taarifa yangu kwenye ukurasa wake, kila mtu asome. Kisha ikapeleka lalamiko la tatu, kwa video nyingine yenye sauti ya Zuhura, na ukumbi ukafutwa wote. Kusaini kwangu hakukuzuia chochote. Kuliwapa ushahidi tu. Zuhura alikuja chumbani, akachukua dumu lake, mkasi, na leso aliyokuwa ameisahau kwenye kamba. Nilianza kumweleza habari ya miwa. Akasema anaelewa, mzazi ni mzazi, yeye pia ana mama. "Lakini ungeniambia," akasema. "Ningekuruhusu. Ningekuambia saini, wimbo nitatunga mwingine." Kizito hakuja kabisa. Alipata kazi ya ualimu mbali, upande wa Turkana, na kwa miaka mingi alinitumia salamu za Krismasi zisizo na jina langu, zile ambazo mtu huwatumia watu wote kwa mpigo.

Sasa nirudi kwenye siku ile niliyosaini. Kutoka ofisini sikurudi mjini. Nilikwenda nyumbani Musanda kulala, kwa sababu ni karibu na kwa sababu nilitaka kuiona miwa. Nilisimama ukingoni mwa shamba nikaitazama ikiwa imesimama, ndefu, majani yakichakarisha, na nikajiona nimefanya kazi ya mtoto mkubwa. Asubuhi ya Alhamisi mama alioga mapema. Alivaa nguo yake ya kanisani, ya kijani yenye ukosi mweupe, akafunga kitambaa, akasema anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Sikuuliza mgonjwa gani. Nilifagia uwanja, nikaosha sufuria, nikachemsha viazi vitamu. Nilikuwa naimba, nakumbuka, ingawa si wimbo ule.

Alirudi jua likiwa kichwani, kwa miguu, viatu mkononi. Nilimpa maji akanywa, nikamwekea viazi hakula. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akijipepea na kitambaa. Halafu akaanza kuzungumza kwa Kiwanga, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, bila kunitazama. Alisema Jumapili ile nilipokwenda kuchota maji aliitoa barua kwenye mfuko wangu akampelekea Mwalimu, na Mwalimu akamsomea yote hadi ile sentensi ya chini. Alikuwa amengoja nimwambie mwenyewe. Alipoona simwambii akadhani nataka kumkinga, na kwamba nimeamua kupambana na wale watu peke yangu, na hilo halikumpendeza, kwa sababu mtoto hapambani peke yake kama mama yake anatembea. Usiku wa Jumatano hakulala kwa kuwaogopa. Alisema hivyo wazi. Lakini asubuhi akavaa, akaenda ofisini, akasimama kwenye kaunta mbele ya wakulima wengine, akamwambia yule msichana kwamba yeye ndiye mama wa Beti, kwamba mtoto wake hakuiba wimbo wa mtu, na kama ni miwa, waiache ikauke, ameshawahi kula bila hiyo. Watu wote waligeuka. Msichana akatafuta kwenye faili, akamwonyesha karatasi yenye muhuri wa jana.

Miwa ilikatwa zamu yake ilipofika, pamoja na ya majirani. Hadi leo sijui kama wangeiacha. Nilipiga magoti pale mlangoni nikaanza kusema kwamba nilifanya kwa ajili yake, nilitaka kusema mengi, lakini aliinua mkono, si kwa hasira, nikanyamaza.

"Nilienda kusimama na wewe, Beti," mama akasema. "Nikapata haupo."

Kisha akainuka, akaingia ndani kuvua ile nguo ya kanisani.